Kuiamsha modemu ya ndani ya laptopu kwenye Linux

Laptopu nyingi za miaka ya 2000 zina tundu dogo la waya wa simu, karibu na lile pana la waya wa mtandao. Ukiziwekea Linux, karibu kila kitu huamka chenyewe: sauti, kioo, mara nyingi hata Wi-Fi. Modemu hubaki kimya. Ukijaribu `/dev/ttyS0`, `/dev/ttyS1` na ndugu zake hakuna anayejibu, na fundi ukimuuliza atakwambia imeungua. Mara nyingi haijaungua. Kwa Linux, modemu hiyo ni kadi ya sauti tu, na bado haijapata programu ya kuisemea. Likamate hilo tangu mwanzo, maana hatua zote za hapa chini zinatoka hapo, na matatizo yake pia.

Modemu kamili, ile ya kisanduku cha nje chenye taa za kumetameta, ina chipu yake ya kugeuza data kuwa milio na milio kuwa data. Kwenye laptopu chipu hiyo iliondolewa ili kubana gharama. Kilichobaki ndani ni kikadi kiitwacho MDC, chenye kodeki ya kusikiliza na kutoa sauti kwenye laini, na saketi ya kuitenga laini ya simu na mashine. Kazi nzito ya V.34 na V.90 (viwango vya kasi ambavyo modemu huongea) na kusahihisha makosa imeachiwa prosesa. Draiva za Windows zilifanya kazi hiyo kimyakimya. Upande wa Linux, kampuni nyingine hazikutoa kitu, na nyingine zilitoa nusu ikiwa wazi na nusu imefungwa.

Mfano wangu ni ThinkPad za T40, T41, T42 na X31, zenye chipu ya Intel ICH4-M, zikiendesha Debian 12 ya biti 32. Usiende Debian 13 kwa mashine hizi, maana toleo hilo halina tena kerneli (kiini cha Linux) wala kisakinishi cha biti 32. Pia prosesa zake, Pentium M za mwanzo, hazitangazi PAE (uwezo wa kutumia kumbukumbu kubwa), kwa hiyo kerneli yako iwe `linux-image-686`, si ile yenye `-pae`.

Matumizi yake leo ni machache lakini yapo. Kuna ofisi zinazotuma faksi, kuna PABX (mitambo ya simu za ndani ya ofisi) za zamani ambazo mipangilio yake hufikiwa kwa modemu tu, na kuna sisi tunaopenda mashine kuukuu. Unachohitaji ni laini ya analogi: ya ukutani kama zile za TTCL, au ekstensheni ya analogi ya PABX. Laini za kidijitali za PABX usiziguse, hata kama plagi inaingia. Umeme wake ni tofauti na unaweza kuiua modemu palepale.

Jua kwanza una nini

Usisakinishe kitu kabla ya hatua hii. Wengi huanza kwa kupakua draiva, kisha wanapoteza wikendi nzima na draiva ya chipu wasiyokuwa nayo.

```
lspci -nn | grep -i -E 'modem|audio|communication'
```

Kwenye ThinkPad ya mfano wetu utaona mstari huu:

```
00:1f.6 Modem [0703]: Intel Corporation 82801DB/DBL/DBM (ICH4/ICH4-L/ICH4-M) AC'97 Modem Controller [8086:24c6] (rev 01)
```

Maneno ya kushika ni "AC'97 Modem". Ukiyaona pamoja na jina Intel, moduli yako, yaani draiva ya ndani ya kerneli, ni `snd-intel8x0m`. Ikiwa ni VIA, ni `snd-via82xx-modem`. Ikiwa ni ATI IXP, ni `snd-atiixp-modem`. Zote tatu zinaendelea na mwongozo huu bila tofauti kubwa.

Laptopu zilizokuja baadaye hazionyeshi mstari wa modemu kabisa. Zina "Audio device [0403]", na modemu imejificha nyuma yake kwenye HDA, njia ya sauti iliyofuata AC'97. Itafute hivi:

```
grep -H Codec /proc/asound/card*/codec#*
```

Ukiona Si3054, una bahati, endelea kusoma. Ukiona Conexant, draiva yake ni hsfmodem ya Linuxant: toleo la bure limefungwa kwenye kasi ya 14.4 kb/s, na limejengwa kwa kerneli za zamani. Agere, au LSI, nayo ni shida ya aina hiyohiyo. Kwa hizo mbili ushauri wangu ni mfupi: achana nazo, tafuta modemu ya USB iliyo kamili, kwa mfano USR5637, ambayo kerneli huitambua kwa `cdc_acm` na kuipa jina `/dev/ttyACM0`. Uzee wa kerneli si kitu cha kuvumilia kwa ajili ya modemu.

Kuipakia na kuisikia ikigonga

```
sudo modprobe snd-intel8x0m
cat /proc/asound/cards
```

Jibu zuri linafanana na hili:

```
 0 [I82801DBICH4   ]: ICH4 - Intel 82801DB-ICH4
 1 [Modem          ]: ICH-MODEM - Intel 82801DB-ICH4 Modem
```

Hapo ndipo Linux inapokiri wazi kwamba modemu ni kadi ya sauti. Moduli yenyewe ilitokana na draiva ya sauti ya Jaroslav Kysela, ikarekebishwa na Sasha Khapyorsky. Ukifungua msimbo wake, maelezo hayo yapo juu kabisa ya faili.

Angalia namba. Ikitokea modemu imechukua 0 na sauti imesukumwa hadi 1, muziki utanyamaza na utadhani umeharibu spika. Zifunge namba hizo kwenye faili `/etc/modprobe.d/modemu.conf`:

```
options snd-intel8x0 index=0
options snd-intel8x0m index=1
```

Kabla ya hapo pitia folda hiyo kwa `grep -r intel8x0m /etc/modprobe.d/`, kwa sababu baadhi ya mifumo huja na maagizo yake kuhusu moduli hii na yatagombana na ya kwako.

Sasa jaribio ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linatenganisha tatizo la kifaa na tatizo la programu kabla hujasakinisha chochote kingine. Chomeka waya wa simu, sogeza sikio karibu na laptopu, kisha andika:

```
amixer -c 1 cset name='Off-hook Switch' on
```

Utasikia "tik" hafifu. Ni swichi ndogo ndani ya modemu inayofunga mzunguko, yaani imenyanyua simu. Chukua simu ya mkononi upige namba ya laini hiyo: utaambiwa inatumika. Rudisha kwa `off`, piga tena, sasa itaita. Ukipata matokeo hayo mawili, kikadi ni kizima, waya ni mzima na laini ni nzima, na lolote litakaloharibika baadaye ni la programu.

Kama hakuna "tik" na laini haibadiliki, kagua waya kwanza. Ukiwa mzima, huenda kikadi kimepigwa na radi. Waya wa simu huileta moja kwa moja, na msimu wa masika modemu ndizo hufa mapema. Habari njema ni kwamba MDC hufungwa kwa skrubu mbili na kebo ndogo, na laptopu mbovu za aina moja zinazouzwa kwa vipuri huwa nacho. Chomoa waya wa simu kabla ya kufungua mashine: laini iliyotulia ina karibu volti 48, na ikiita hupanda juu ya hapo kiasi cha kukurusha mkono.

Programu ya kuisemea: slmodemd

Programu yenyewe ni `slmodemd` ya kampuni ya Smart Link. Matoleo ya zamani ya Debian na Ubuntu yalikuwa nayo kwa jina `sl-modem-daemon` kwenye sehemu ya programu zisizo huru, kwa hiyo jaribu `apt policy sl-modem-daemon` kwanza. Usipoipata, tafuta msimbo wa toleo la 2.9.11, faili `slmodem-2.9.11-20110321.tar.gz`, uijenge mwenyewe:

```
sudo apt install build-essential libasound2-dev alsa-utils
tar xzf slmodem-2.9.11-20110321.tar.gz
cd slmodem-2.9.11-20110321/modem
make SUPPORT_ALSA=1
sudo install -m 755 slmodemd /usr/local/sbin/
```

Ingia folda ya `modem` peke yake. Ile ya `drivers` ina moduli za kerneli za vifaa vya Smart Link wenyewe, haikuhusu, na kwenye kerneli za sasa itakutolea makosa kurasa kwa kurasa.

Ndani ya msimbo huo kuna faili moja, `dsplibs.o`, iliyokwisha jengwa tayari kwa biti 32. Ndiyo nusu iliyofungwa: hesabu zote za milio zimo humo na hakuna anayeziona. Kwa sababu yake, kwenye mfumo wa biti 64 lazima programu nzima ijengwe kwa biti 32:

```
sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install gcc-multilib libasound2-dev:i386
make SUPPORT_ALSA=1 CC="gcc -m32"
```

Na kwa kuwa ni programu ya zamani yenye sehemu isiyokagulika, na inaanzishwa na root, sioni sababu ya kuiacha ikikimbia mchana kutwa. Iwashe ukiwa na kazi, izime ukimaliza.

Kuiwasha

```
sudo modprobe snd-intel8x0m
sudo slmodemd --country=USA --alsa modem:1
```

Namba 1 ni ile uliyoiona kwenye orodha ya kadi. Kama `modem:1` inakataliwa, tumia `hw:1`. Kwa wenye Si3054 kwenye HDA, kwa kawaida ni `modem:0`. Ikikubali itaandika hivi na kubaki hapo hapo:

```
SmartLink Soft Modem: version 2.9.11
symbolic link `/dev/ttySL0' -> `/dev/pts/2' created.
modem `modem:1' created. TTY is `/dev/pts/2'
Use `/dev/ttySL0' as modem device, Ctrl+C for termination.
```

Soma mstari wa pili vizuri. `/dev/ttySL0` si kifaa cha kweli, ni kiungo cha terminali ya bandia. Terminali ya bandia haina zile nyaya za ishara za modemu ya nje, hasa ile inayosema "nimeunganishwa". Programu yoyote inayosubiri ishara hiyo itasubiri mpaka kiama. Ndiyo maana kwenye programu za kuingia mtandaoni kwa modemu huandikwa hivi: kwenye `wvdial` ni `Carrier Check = no`, na kwenye `pppd` ni `local`.

Nchi inabadilisha namna modemu inavyotambua mlio wa laini na inavyopiga. Orodha yake utaipata kwa `slmodemd --countrylist`. Usipoikuta nchi yako, USA hufaa kwa kuanzia, na mlio usipotambulika dawa yake iko kwenye sehemu inayofuata.

Kuongea nayo

Fungua terminali nyingine, usakinishe minicom, programu ya kuandikiana na modemu:

```
sudo apt install minicom
sudo minicom -D /dev/ttySL0
```

Andika `AT` na ubonyeze Enter. Ikijibu `OK`, programu na kifaa vinaelewana. Kisha:

```
ATX3
ATDT102
```

Weka namba yako badala ya 102. Anza kwa kupiga simu yako ya mkononi. Ikiita, upande wa kupiga umekwisha. `ATH` hukata.

`ATX3` inaiambia modemu ipige bila kusubiri mlio wa laini. Modemu inapokataa kwa `NO DIALTONE` ilhali wewe kwa simu ya kawaida mlio unausikia, jua kwamba mlio wenu haufanani na ule wa nchi uliyochagua. Hutokea sana nyuma ya PABX, na pia laini ikiwa na ujumbe wa sauti unaosubiri, maana hapo mlio hukatikakatika. Kama PABX yenu inataka 9 kabla ya kutoka nje, andika `ATDT9,` kisha namba. Hiyo mkato ni kusubiri, kwa kawaida sekunde 2.

`BUSY` inajieleza. `NO CARRIER` ndiyo yenye mambo mengi: upande wa pili haukupokea, au umepokea mtu badala ya modemu, au modemu zimepigiana kelele zikashindwa kukubaliana kasi. Hili la mwisho linatibika kwa kupunguza kasi kabla ya kupiga:

```
AT+MS=132,0,4800,9600
```

Hapo 132 ni V.32bis, na kasi imefungwa kati ya 4800 na 9600. Kwa V.34 tumia 34. Usihangaike kutafuta 56 kb/s ya kwenye tangazo la laptopu, V.90 hufanya kazi pale tu upande wa pili unapoingia kwenye mtandao wa simu kidijitali, kama walivyokuwa watoa huduma wa intaneti. Modemu mbili za analogi zikipigiana, mwisho wao ni 33.6 kb/s.

Laini yako ikipita kwenye kisanduku cha VoIP (simu kupitia intaneti), usianze hata na 33.6. Chagua kodeki ya G.711, PCMA au PCMU, kwa sababu kodeki nyingine zimetengenezwa kubana sauti ya mtu na zitaivuruga milio. Zima ukandamizaji wa ukimya na uondoaji wa mwangwi, fanya bafa iwe ya kipimo kisichobadilika, kisha panda kasi taratibu kutoka 9600.

PPP

PPP ni njia ya kupitisha mtandao kwenye laini ya simu, na `pppd` ndiyo programu yake. Tuseme upande wa pili ni kompyuta ya ofisini yenye modemu inayopokea. Tengeneza `/etc/ppp/peers/ofisini`:

```
/dev/ttySL0
115200
local
noauth
noipdefault
defaultroute
user "jina_lako"
connect "/usr/sbin/chat -v -f /etc/chatscripts/ofisini"
```

Na `/etc/chatscripts/ofisini`:

```
ABORT BUSY
ABORT 'NO CARRIER'
ABORT 'NO DIAL'
TIMEOUT 60
'' ATZ
OK ATX3
OK ATDT102
CONNECT '\d\c'
```

Neno la siri liweke kwenye `/etc/ppp/chap-secrets` na `/etc/ppp/pap-secrets`, faili zote mbili zikiwa na ruhusa ya 600. Kisha `sudo pon ofisini` kupiga, `plog` kuangalia kinachoendelea, `sudo poff` kukata. Ile 115200 ni kasi kati ya `pppd` na terminali ya bandia tu, haina uhusiano na kasi ya kwenye laini. Na kama Wi-Fi iko hewani, `pppd` haitamnyang'anya njia kuu, kwa hiyo zima Wi-Fi kwanza kama unataka kila kitu kipite kwenye simu.

Kwa 33.6 kb/s utapata kama kilobaiti 4 kwa sekunde, yaani faili ya megabaiti 1 ni dakika 4 hivi. Kivinjari sahau. `ssh` inatosha kabisa, na `rsync -z` inavumilika.

Faksi

Kwa maoni yangu hii ndiyo kazi inayoihalalisha modemu hii leo. Kwenye minicom uliza `AT+FCLASS=?`, ukiona 1 kwenye jibu, faksi inawezekana. Toka minicom, geuza barua iwe kurasa za faksi, kisha tuma:

```
sudo apt install efax ghostscript
gs -q -sDEVICE=tiffg3 -r204x196 -sPAPERSIZE=a4 -dNOPAUSE -dBATCH -sOutputFile=ukurasa.%03d barua.pdf
sudo efax -d /dev/ttySL0 -t 102 ukurasa.*
```

Barua iliyoskaniwa kwa rangi hutoka matope. Bora PDF iliyoandikwa moja kwa moja, herufi nyeusi juu ya nyeupe.

Ikigoma

slmodemd ikisema kifaa kina mtumiaji mwingine, `sudo fuser -v /dev/snd/*` itamtaja. Mara nyingi ni slmodemd nyingine uliyoisahau kwenye terminali ya jana.

Mawasiliano yakikatika baada ya dakika chache, mshuku prosesa kabla ya laini. Milio inahesabiwa papo kwa papo, na prosesa ikichelewa hata kidogo, upande wa pili unasikia pengo na kukata. Pentium M hushusha kasi ili kuokoa betri, kwa hiyo chomeka chaja na uikataze kulala:

```
sudo apt install linux-cpupower
sudo cpupower frequency-set -g performance
```

Funga na kivinjari. Kama bado inakatika ukiwa umepunguza kasi ya `AT+MS` hadi 9600, hapo ndipo ubadilishe waya wa simu, uondoe simu nyingine zilizochomekwa sambamba kwenye laini, na ujaribu tena.

Baada ya laptopu kulala na kuamka, slmodemd huweza kubaki imekwama huku `/dev/ttySL0` ikionekana bado ipo. Iue, toa moduli kwa `sudo modprobe -r snd-intel8x0m`, irudishe, uwashe upya. Ukikuta moduli inakataa kutoka, bado kuna programu iliyoishikilia, na `fuser` itakuonyesha ni ipi.